Pareto au Yungiyungi

Ko. Ko-ko. Ko.

Niliisikia sauti kabla ya kuona chochote. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji, na mbele yangu palikuwa na ukungu mtupu. Uzio haukuwepo, barabara haikuwepo, mtaa wetu wote wa Lyamkena haukuwepo. Kulikuwa na jiwe linalogonga mti, na mtu anayekohoa kwa adabu, kama wanavyokohoa watu wa ofisini.

Ukungu ulipopasuka kidogo nikamwona baba. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mwekundu, amevaa koti la bluu la shirika lililompunguza kazi miezi minne nyuma, akipigilia vigingi. Kutoka kigingi hadi kigingi alikuwa amevuta kamba ya katani, na kamba ilikuwa imenyooka kuliko ukuta wowote wa nyumba yetu.

"Unajenga nini, baba?"

"Bustani," akajibu, kwa sauti ya mtu anayesema kiwanda.

Ilikuwa Desemba, nimetoka shule, nami nilikuwa sijawahi kumwona baba akipanda ua. Maua aliyoyajua yalikuwa yakimfikia ndani ya magunia. Tangu kabla sijazaliwa alikuwa mkaguzi wa madaraja katika ghala la pareto kule Njombe, na wasioijua pareto niwaambie kwamba ni ua dogo jeupe lenye jicho la njano, linalolimwa milimani, likakaushwa, likauzwa kwa watengenezaji wa dawa ya wadudu. Mkulima alishusha gunia lake begani, baba akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi, akaifinya, akaipeleka sikioni. Ndiyo, sikioni. Pareto iliyokauka sawasawa, alisema, huwa na mlio wake. Kisha alitamka: "La pili." Hakuna aliyebisha. Mkulima aliondoka akinong'ona kwa Kibena maneno ambayo baba, kwa hekima ya kazi, alijifanya hayaelewi.

Ugonjwa wa kazi hiyo ni kwamba haubaki ghalani. Baba aliyapanga mambo yote kwa madaraja. Mahubiri ya Jumapili yalikuwa la pili. Chai ya mjomba ilikuwa la tatu. Alionja chakula cha mama akasema, "Ugali la kwanza, mboga la pili," na mama akamjibu, "Basi kesho ukale ghalani." Hata mimi, nilipoandika shairi langu la kwanza na kumsomea, alilichukua, akalitazama mbele na nyuma, akalirudisha.

"La tatu," akasema. "Lina unyevu."

Halafu soko huria likafika. Redio ilitangaza habari zake kwa sauti ileile ya furaha iliyokuwa ikitangaza mashamba ya ujamaa, na kabla hatujaelewa ni nini kimefurahisha, ghala lilikuwa limefungwa, shirika limebaki jina kwenye koti, na sisi tumetolewa kwenye nyumba ya kazi. Baba alichukua kiinua mgongo chake akajenga Makambako, kwa sababu kila mtu mwenye akili, alisema, alikuwa anajenga Makambako. Mji wenyewe ulikuwa upepo na malori. Watu walikuwa wametoka kila mkoa, wanauza kila kitu, na wote walisema wanapita tu. Wengine walikuwa wanapita kwa mwaka wa kumi.

Jirani yetu, dereva wa lori, alimshauri baba afungue duka. Shemeji yake mama alimshauri auze mitumba. Baba aliwasikiliza wote kwa upole, kisha akawaambia, "Mimi ni mkaguzi," kama mtu anayetaja kabila lake.

Na ukweli ni kwamba tumaini alikuwa nalo. Tajiri mmoja wa Makambako, mwenye malori yake, alikuwa anajiandaa kununua pareto msimu ujao, sasa kwa kuwa ilikuwa ruhusa kwa yeyote. Mtu alimtajia jina la baba. Tajiri akasema, "Huyo mzee nitapita kwake mwenyewe nimwone." Sentensi hiyo moja baba aliishi nayo miezi sita. Aliikunja kila jioni na kuifungua kila asubuhi. Alikuwa na hakika kwamba anayenunua pareto lazima atahitaji mtu wa kuitia madaraja, na mtu huyo alikuwa yeye, hakukuwa na mwingine kati ya Makambako na Ziwa Nyasa. Akipata kazi hiyo, atakuwa tena yule aliyekuwa. Akiikosa, kulikuwa na mitumba.

Ndiyo maana ya kamba na vigingi. Tajiri akija, alisema, akifungua tu mlango wa gari, kitu cha kwanza kukiona mbele ya nyumba kiwe pareto imesimama mistari, imechanua, ili aelewe bila kuambiwa amefika kwa nani.

Mama alitoka nje na beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na viazi vyeusi vyenye matope, na juu yake majani mapana yaliyolegea.

"Hivyo vigingi umenipigia mimi? Ahsante sana, baba watoto."

"Hivyo ni nini?"

"Yungiyungi. Nimeyatoa kwenye kinyungu cha mama."

Kinyungu ni bustani ya bondeni, kule Njombe, mahali penye maji hata wakati wa kiangazi, na cha bibi kilikuwa na mayungiyungi pembezoni mwa mfereji, meupe, marefu, kila ua limejiviringa lenyewe kwenye shina moja lisilo na tawi. Hakuna aliyewahi kuyapanda. Yalikuwa yanaota tu, kama wema wa watu wengine. Mama alibeba viazi hivyo kwenye basi akiwa amevipakata, na akamlipa mtu mwingine amshikie mfuko wake wa nguo.

Baba alilitazama beseni kama alivyolitazama shairi langu.

"Hayo ni maua ya msibani."

"Ni ya madhabahuni."

"Madhabahuni yanapita tu, yako njiani kwenda kaburini. Na yamekunjwa kama karatasi ya kufungia karanga. Mgeni atauliza karanga ziko wapi."

"Na lako? Ua gani hilo, nzi akilikaribia anasoma sala zake za mwisho? Unataka mgeni akaribishwe na dawa ya mbu?"

"Pareto imewasomesha hawa watoto."

"Imewasomesha ikiwa gunia. Hatukuwahi kuiweka sebuleni."

"Yungiyungi halina faida yoyote."

"Ndiyo maana linaitwa ua!"

Wakaendelea hivyo hadi jua likatoka na uji wangu ukaganda. Nilikuwa upande wa mama, moja kwa moja, kwa moto wote wa kidato cha tatu. Niliamini kwamba uzuri usio na kazi ndio uzuri pekee, nikalisema hilo kwa sauti. Baba akaniuliza kama ada ya shule huwa inalipwa kwa uzuri usio na kazi. Nikaingia ndani.

Mwishoni walifanya walichofanya siku zote, wakakata tuta katikati. Kushoto pareto, kulia yungiyungi, katikati kamba. Lakini mama aliweka sharti. Nyumba yenye aina mbili za maua mbele, alisema, inatangaza kwamba ndani kuna watu wasioelewana, na jambo hilo majirani wasingepaswa kuliona kabla ya kulisikia. Kwa hiyo tajiri akituma habari ya siku anayokuja, lile litakalokuwa limependeza zaidi ndilo litabaki, lipewe tuta zima. La pili litang'olewa lipelekwe nyuma, kwenye jalala.

Baba akakubali haraka mno. Alijua pareto inachukua miezi minne kuchanua, na tajiri asingekuja kabla ya msimu.

Nikarudi shule. Barua za nyumbani, ambazo zamani zilikuwa na salamu na habari za kuku, sasa zilikuwa taarifa za vita. Mama aliandika kwamba pareto imeguswa na joto la Makambako na hakika itakufa, na huo ni udongo wa Mungu unajieleza. Chini yake, kwa mwandiko mwingine ulionyooka, baba aliongeza kwamba pareto haijafa, imepumzika, na kwamba yungiyungi limetoa majani makubwa kama masikio ya punda na akili ileile. Barua moja ilikuja na jani la pareto ndani, bila maelezo. Nadhani lilikuwa ushahidi.

Nilipofika likizo ya Juni, nilisimama barabarani na mkoba wangu kichwani na nikasahau kuutua. Pareto ilikuwa imechanua. Nusu nzima ya tuta ilikuwa nyeupe, mamia ya vijicho vya njano vikitazama upande mmoja, na upepo wa Makambako ulipopita vyote viliinama pamoja na kuinuka pamoja. Ulikuwa ni uzuri, na ulinikera sana, kwa sababu nilikuwa na msimamo. Upande wa mama kulikuwa na majani mengi, na maua mawili. La tatu lilikuwa linafikiria.

"Kamwene," baba akanisalimu kwa Kibena, jambo alilofanya akiwa na furaha tu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Sema basi. Daraja gani?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, anaminya midomo. Nikasema, "La kwanza," na nikajiona msaliti.

Habari ya tajiri ilifika Jumatano: angekuja Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Mama ni mtu wa neno lake. Aliliangalia tuta, akavuta pumzi, akasema Jumamosi jioni atang'oa ya kwake. Baba, kwa ukarimu wa mshindi, alimwambia asijisumbue, atayang'oa yeye. Akaanza kuimba nyimbo za kwaya akinyoa ndevu. Akamwomba jirani dereva, ambaye ni Mwislamu, aje Jumapili asubuhi atuchinjie kuku, ili mgeni ale bila wasiwasi. Kila kitu kilikuwa tayari.

Sasa lazima nieleze jambo moja la pareto, maana bila hilo hakuna atakayeamini kilichofuata. Ua la pareto halisubiriwi. Linachumwa vijicho vyake vya katikati vikiwa vimefunguka kiasi tu, sumu ikiwa ndiyo imejaa. Likiachwa siku mbili tatu zaidi linakuwa zuri kuliko wakati wowote, na halifai tena kitu. Mchumaji mzuri hurudi shambani kila baada ya wiki mbili na kukata vichwa vyote vilivyofikia, bila bua, kwa kidole gumba. Baba alikuwa amewahubiria wakulima wa Njombe jambo hilo maisha yake yote. Alikuwa amewashusha daraja mamia ya watu kwa kosa la kuacha maua yao yapendeze.

Jumamosi mchana mimi na mama tulikwenda sokoni kununua mchele. Tuliporudi, mama alisimama ghafla mbele ya nyumba hivi kwamba nikamgonga mgongoni.

Kushoto mwa kamba hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na vijiti vya kijani, vimenyooka mstari kwa mstari, kila kimoja bila kichwa.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, uani. Alikuwa ametandika turubai juani na ametandaza maua yake yote juu yake, tabaka moja, bila hata moja kupanda jingine. Alikuwa amechuchumaa pembeni, anayageuza kwa ncha za vidole. Alipotuona alisimama polepole, na nikaona usoni pake kwamba ni wakati ule tu, si kabla, ndipo alipoelewa alichokifanya.

"Yalikuwa yamefikia," akasema.

Mama akaweka mchele chini.

"Baba watoto. Mgeni anakuja kesho."

"Kesho yangekuwa yamepitiliza. Angeniona mimi ni mtu wa namna gani, nimeacha pareto ipitilize mbele ya nyumba yangu?"

"Angeona maua!"

"Angeona uzembe."

Mama alicheka. Alicheka akakaa chini juu ya mfuko wa mchele, akacheka hadi jirani dereva akachungulia juu ya uzio kuuliza kama kuna msiba. "Hapana, jirani," mama akamwambia akijifuta macho, "ni kwamba nimeshinda." Na ni kweli alishinda. Mayungiyungi matatu, la tatu likiwa limeamua usiku huo, yalimngoja mgeni peke yake. Mama aliyafuta vumbi kwa kitambaa, moja moja, kama anayewaosha watoto uso.

Jumapili tulipanga viti sebuleni, mlango wa mbele wazi, ili macho ya mgeni yapate njia. Baba alikaa akitazama barabara. Kuku alikuwa ameiva. Saa nane ikapita.

Kisha tukasikia honi, nyuma yetu.

Ilibidi tukumbuke alikuwa nani. Mtu wa malori hajui mbele ya nyumba. Vitu vyote vya maana alivyowahi kuviona vilishushwa uani, na pikapu yake ilikuwa imezunguka yenyewe hadi uani kwetu, ikazimika kando ya jiko la mkaa. Hodi yake ilitufikia kupitia jikoni. Alikuwa kijana, hajafika hata miaka thelathini na mitano, kofia safi kichwani, sweta, na uso wa mtu ambaye hana ugomvi na mtu. Baba alisimama akisubiri shikamoo. Tajiri alimpa mkono kwa uchangamfu mkubwa, akasema, "Mambo ya hapa vipi, mzee wangu?" na kupiga hatua kuelekea ndani, akiwa ameweka kiatu kimoja katikati ya turubai.

"Usikanyage!"

Aliyepiga kelele alikuwa mama. "Samahani, tajiri. Hayo ni maua yetu."

Nilimtazama. Yetu.

"Oo! Samahani, mama." Aliondoa mguu, akainama, akaokota konzi. "Kumbe mnakausha wenyewe. Yako vizuri haya."

Baba alijongea. Wakati aliokuwa ameungojea miezi sita ulikuwa umefika, umefikia uani, karibu na ndoo ya manyoya ya kuku, lakini ulikuwa umefika. Alichukua konzi yake, akaifinya, akaipeleka sikioni. Akafumba macho.

"Bado siku mbili za jua," akasema. "Na machache hapa yalizidi kidogo kufunguka. Mengine ni la kwanza, lakini yote kwa pamoja lazima niyape la pili."

Nikaona aibu na fahari kwa pamoja. Alikuwa amejishusha daraja mwenyewe, mbele ya mtu ambaye angempa kazi.

Tajiri alimsikiliza kwa heshima ya kweli. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwamba alikuwa mtu mzuri.

"Mzee wangu, mimi sina madaraja."

"Huna vipi?"

"Ninapima kilo. Ua ni ua. Mkulima analeta, naweka kwenye mizani, nampa chake, anakwenda. Mwenzangu ninayemuuzia huko mjini naye anapima kilo."

"Na lenye unyevu?"

"Linakwenda na lililokauka."

"Na lililopitiliza?"

"Linakwenda na lisilopitiliza. Yote si yanasagwa, mzee?"

Kuku aliliwa. Mgeni alisifu mchele. Aliongelea bei ya matairi, barabara ya Ludewa, mvua. Baba alikuwa anamega tonge na kulisahau mkononi. Mwishowe mama akashindwa kuvumilia.

"Tajiri, baba watoto anajua pareto kuliko mtu yeyote. Waulize watu wa Njombe wote."

"Nimewauliza, mama. Ndiyo maana nimekuja. Anayeijua hawezi kudanganywa kwenye mizani." Akamgeukia baba. "Nataka ushike mizani, mzee wangu. Mimi napakia Njombe leo hii, kuna magunia yananisubiri. Ukiwa tayari, twende."

Kule ghalani wapimaji walikuwa wakikaa nje, kwenye mvua, na baba alikuwa akiwaita kwa kidole. Sote wawili, mimi na mama, tulikuwa tunajua hilo. Nilingoja aseme yeye ni mkaguzi. Nilikuwa nimeshaiandaa sentensi hiyo kichwani kwa niaba yake, nzuri, yenye unyevu tele.

"Mizani ni ya kuning'inia au ya jukwaa?" baba akauliza.

"Ya kuning'inia."

"Hizo zinadanganya, zisipowekwa sawa kila asubuhi."

"Basi utaziweka sawa."

Tajiri akashukuru kwa chakula, akatangulia kutoka. Baba alinawa mikono kwa muda mrefu, kidole kwa kidole. Mama alimletea maji mengine bila kuombwa. Nje, dereva wa tajiri, ambaye hakuwa ameshuka kwenye pikapu, alishawasha injini, na tajiri alishaketi kando yake, na kiti cha mbele kilikuwa kimejaa. Kilichobaki ni kule nyuma, juu ya magunia matupu.

Baba aliona kwamba tumeona. Alituambia atarudi kesho, au keshokutwa, akatoka, akauvuta mlango wa jikoni nyuma yake. Haukushika. Akaufungua, hakututazama, akauvuta tena kwa nguvu, ukafunga.